José L. Piedra Cazadores: nimeivuta bila haraka biri ya Cuba inayosemwa vibaya

Taja José L. Piedra mbele ya watu wanaojiona wajuzi wa biri za Cuba, uone midomo inavyobinuka. Mmoja atakwambia ni uchafu uliofagiwa sakafuni baada ya kusokotwa Cohiba, chapa ya Cuba ya bei mbaya. Mwingine atasema hata ya bure haitaki. Ukiwabana kidogo, unagundua wengi waliivuta mara moja tu, siku ileile ya kuinunua, kwa pupa, huku Montecristo, chapa nyingine kubwa, ya jana yake ikiwa bado haijawatoka ulimini. Kwa mtindo huo hata biri njema ingeonewa. Nikanunua pakiti ya Cazadores, mojawapo ya saizi za Piedra, nikaitunza kama ninavyotunza zile za bei mbaya, nikaivuta kwa nafasi yangu.

Naishi Valencia. Hapa Hispania tumbaku huuzwa kwenye estanco, yale maduka yenye leseni ya serikali, na bei zake hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo hakuna kupatana wala kuzunguka mji mzima kutafuta nafuu. Duka ninalokwenda mimi lina kabati la kioo lenye unyevu. Cohiba na Partagás zimepangwa usawa wa macho. Piedra iko rafu ya chini kabisa, pembeni, mpaka uiname. Pakiti ni ya kadibodi, ina biri tano, na ukipiga hesabu ya moja moja inakutoka kwa bei ya kahawa mbili hivi. Mama anayeuza aliniuliza kama namnunulia mtu. Wateja wake wa Piedra, alisema, ni wazee wanaotaka kitu cha kushika mkononi wakati wa kutembeza mbwa.

Jina ni la familia ya Piedra, watu wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, waliohamia Cuba katika karne ya 19 na kuanza kutengeneza biri upande wa Remedios, katikati ya kisiwa. Mpaka leo tumbaku yake hutoka ukanda huo wa Vuelta Arriba, si Vuelta Abajo kule Pinar del Río ambako chapa kubwa hupata majani yao. Hilo tu linatosha kueleza kwa nini anayeivuta akisubiri ladha ya Montecristo ataondoka na hasira. Halafu kuna maneno mawili, tripa corta, yaani ujazo mfupi. Biri ya Cuba ya daraja la juu hujazwa majani marefu yanayokwenda kutoka kichwani, upande wa mdomo, hadi mguuni, upande unaowashwa. Piedra hujazwa vipande vifupi, yakiwemo masalia ya kazi ya kusokota biri nyingine. Inasokotwa kwa mkono, hilo ni kweli, lakini vipande vifupi havishikani kama jani zima: moto hupita haraka, jivu haligandi, na chembe za tumbaku hukufuata mdomoni. Kwa hiyo yule wa uchafu wa sakafuni ametia chumvi tu. Tumbaku yenyewe ni tumbaku.

Cazadores ina urefu wa milimita 152 na cepo, kipimo cha unene wa biri, ya 43, yaani milimita 17 hivi. Sura haina. Jani la juu ni gumu, mishipa yake unaiona ukiwa umekaa upande wa pili wa meza, na mojawapo ilikuwa na baka la kijani lenye ukubwa wa ukucha. Ukiipapasa unakutana na sehemu ngumu, kisha pamelegea, kisha ngumu tena. Mguuni kwa ile ya kwanza palichomoza kijiti. Nikakishika kwa kucha nikakivuta polepole, kikatoka kipande cha ukonyo wa jani chenye urefu wa njiti ya kiberiti, na kikaacha tundu ambalo ungeweza kulichungulia. Nilicheka peke yangu. Ila harufu yake kabla ya kuwashwa ilikuwa safi: majani makavu, ngozi, na kwa mbali ile harufu ya zizi la ng'ombe ambayo wapenzi wa biri za Cuba wanaihusudu na wake zao wanaichukia.

Hiyo ya kwanza niliiwasha siku ileile makusudi, nipate kujua wanaoiponda wanaponda nini. Wana hoja. Ilikuwa chungu kiasi cha kukunja uso, ilizimika, nikaiwasha, ikazimika tena. Biri iliyobeba unyevu mwingi haiungui, inachemka. Zilizobaki nikazifungia kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 62, nikazisahau kwa wiki kadhaa. Halafu kila nikitaka kuvuta moja, naitoa usiku wa kuamkia siku hiyo na kuiacha mezani mpaka kesho yake. Wenye Cohiba wataona ni kufuru, lakini kwa Piedra ndipo ilipo siri yote.

Baada ya hapo nikakutana na biri nyingine kabisa. Pafu la kwanza ni pilipili manga, inapanda puani na kukamata koo. Dakika chache baadaye inatulia, na kinachobaki ni kahawa isiyo na sukari, mkate uliobabuka kidogo na udongo mkavu. Hakuna utamu wa kusifia, wala usitarajie ladha moja iondoke na nyingine iingie. Inachosema mwanzoni ndicho itakachosema mpaka nusu. Lakini inakisema kwa sauti nzima, na mwenye ulimi unaozijua biri za Cuba hatababaika kuitambua. Moshi ni mwingi na mzito. Nimeshavuta biri za nchi nyingine, za bei mara tatu ya hii, ambazo sikumbuki zilikuwa na ladha gani.

Masharti yapo. Pafu moja kwa dakika, usizidishe. Ukiipelekea moto inakasirika, na ikishakasirika hairudi. Jivu lake ni jeusijeusi na halina subira. Lilinidondokea kwenye suruali kabla halijafika sentimita mbili, kwa hiyo kaa na kisosi karibu. Upande mmoja ukiungua haraka kuliko mwingine, usianze kuhangaika na kiberiti kila mara, izungushe tu, mara nyingi inajirekebisha.

Theluthi ya mwisho sina cha kuitetea. Uchungu unajaa mdomo mzima, inakuja harufu kama ya amonia, vidole vinaungua, na nikotini inayumbisha kichwa kama hujala. Nilijaribu kuvumilia kwa ajili ya haki niliyojiapiza kuitenda, nikaona hapana, haki haidai niumwe. Itupe ikibaki theluthi.

Maoni yangu peke yangu hayakunitosha. Nina swahiba wa Mombasa hapa mjini, mtu wa Partagás Serie D No. 4, naye hanywi wala havuti kitu bila kutoa hukumu. Nikaivua biri pete yake ya karatasi yenye jina la chapa, nikampa kibarazani bila kumwambia ni nini. Akapiga mapafu kama matatu, akatoa kitu ulimini kwa ncha ya kidole, akakitazama.

"Hivi ni vipande, bwana."

"Ladha je?"

"Ladha haina kosa. Lakini mimi nimekuja kuvuta, sikuja kutafuna."

Basi, jaribio la kumficha likafia hapo, ingawa aliivuta mpaka nusu na hakuiacha izimike. Dawa ya chembe hizo nimeipata baadaye: usikikate kichwa chote, kata ncha tu kwa juu, au tumia kile kikata cha kutoboa tundu dogo.

Kitu kinachoniudhi zaidi kuliko uchungu wa mwisho ni kwamba ndani ya pakiti moja huwezi kujua utapata nini. Moja ilivutika vizuri kabisa. Nyingine ilikuwa imeziba, nikavuta mpaka mashavu yakagusana. Bei ya chini inasamehe mengi, ila anayependa uhakika asijisumbue.

Ukiniuliza kati ya hii na jirani zake wa rafu ya chini: Guantanamera, iliyoingia sokoni mwaka 2002, inatengenezwa kwa mashine na ni laini mno kwangu, nikimaliza najiuliza kama nilivuta. Quintero, chapa iliyoanzia Cienfuegos, nayo ni ya vipande vifupi lakini imesokotwa vizuri zaidi. Ile Favoritos nene yenye cepo ya 50 inaungua kwa utulivu kuliko Piedra. Kama una pesa kidogo ya ziada, chukua Quintero. Kama unataka ule ukali wa kishamba, Piedra. Faida nyingine ya Piedra haitajwi: hakuna anayehangaika kuighushi. Watalii wanaorudi kutoka Havana na masanduku ya "Cohiba" yenye kifuniko cha kioo, waliyouziwa vichochoroni, wangekuwa salama zaidi na pakiti hii ya kadibodi.

Pakiti, kwa kuwa tumeitaja, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuvuta kunaua, na onyo hilo halibagui rahisi na ghali. Kama huvuti, usianze kwa sababu yangu. Na kama ndiyo unaanza biri, usianzie hapa. Itakuchukiza Cuba nzima bure.

Mimi nimehamia Petit Cazadores. Tumbaku ileile, unene uleule wa 43, ila urefu ni milimita 105, kwa hiyo haipati muda wa kulimbikiza lami yote ile na nusu saa inatosha kuimaliza. Naivuta na kahawa nyeusi. Kwa bia inakwenda. Kwa mvinyo mwekundu nilijaribu, vikaharibiana vyote viwili.