Bao Dogo la Mashimo Kumi na Mawili: Mwezi Mmoja na Mtoto wa PP1

Bao ninalolieleza hapa nililinunua kwa mchuuzi mmoja wa vinyago katikati ya jiji la Nairobi kwa shilingi 900, baada ya kutajiwa 1,500, nikalipakata ndani ya matatu hadi Buruburu. Lina safu mbili za mashimo sita, pamoja na shimo kubwa kila upande la kuwekea kete zilizoliwa, na hukunjika katikati kwa bawaba. Si lile bao la wazee wa pwani lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo hata mimi hunitoa jasho. Hili ni dogo, na kwa mtoto wa miaka minne udogo huo ndio uliolifaa.

Binti yangu, aliye PP1 (mwaka wa kwanza wa shule ya awali), alikuwa akiimba namba kuanzia moja hadi ishirini bila kukosea, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, lakini ukimwomba vijiko vitano anakuletea vyote alivyoweza kushika. Alikuwa na wimbo, hakuwa na hesabu. Chati ya ukutani haikumsaidia, wala kile kichezeo cha betri kinachotamka namba kikibonyezwa, kwa kuwa vyote viwili havimlazimishi mtoto kuuzuia ulimi uusubiri mkono. Bao linamlazimisha: kete moja, shimo moja, neno moja. Akitamka neno bila kudondosha kete, kete inambakia mkononi, na kosa linaonekana bila mtu yeyote kumkaripia.

Tulianza na kete mbilimbili badala ya nne kila shimo. Kanuni iliyomnasa ni ya kulala: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unazichota zote na kuendelea, ikiangukia shimo tupu umelala na zamu imekwisha. Kwa kuwa hapendi kulala, hata usiku wa kweli, akaanza kuhesabu mashimo kwa macho kabla ya kuchota, na yapata siku ya kumi alikataa kuligusa shimo lenye kete tatu akisema, "Mama, hizi zitalala." Nilipohesabu, shimo la tatu kutoka pale lilikuwa tupu. Sikuwa nimemfundisha hilo.

Nisilolitarajia ni somo la sarufi. Mchuuzi alinihakikishia kwamba kete, ambazo ni komwe halisi, yaani mbegu ngumu, zilikuwa 48. Nyumbani nikazihesabu mara mbili nikapata 46, nikaziba pengo kwa vifuniko viwili vya soda. Hapo likazuka zogo: kete mbili, mashimo mawili, vifuniko viwili. Mtoto wa Nairobi, anayesikia Sheng mlangoni na Kiingereza darasani, alidhani hizo ni namba tatu tofauti. Tulirudia kwa kugusa kimoja kimoja hadi akazoea kwamba neno hufuata kinachohesabiwa, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki hata uhesabu nini. Kwingine Kiswahili kilimfanyia wepesi, kwani "kumi na tatu" hujieleza yenyewe: unatenga fungu la kumi, kisha unaweka tatu kando, na mtoto anaiona namba jinsi inavyotamkwa. Majina ya Kiingereza ya kumi na moja na kumi na mbili hayamwonyeshi fungu hilo.

Kasoro zipo. Kingo za mashimo hazikupigwa msasa vya kutosha, na kibanzi cha kwanza kilimchoma kidole jioni ile ile, kwa hiyo nilinunua msasa nikaumaliza mwenyewe ule ufundi. Bawaba moja imelegea. Komwe nazo zinaingia vizuri mno kinywani mwa mtoto mchanga, basi mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani azihesabu tena kila mchezo unapokwisha, jambo ambalo kwetu limegeuka mchezo wa pili. Aidha, bao hili halimtulizi mtoto akiwa peke yake wakati wewe unapika. Linataka mtu mzima akae sakafuni, tena awe tayari kushindwa.

Kwa shilingi 900 ningelinunua tena, ila kete ningezihesabu palepale mbele ya mchuuzi. Na ningetandika mkeka tangu siku ya kwanza, maana jirani wa ghorofa ya chini ameshauliza mara mbili ni kitu gani kinachodondoka kwetu kila jioni.