Siku moja Rhodes na mwongoza watalii wa kukodi: uzoefu wangu

Tulikwenda Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, mwishoni mwa Septemba, watu watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Tunaishi Brussels. Mume wangu ni mzaliwa wa Lubumbashi, mimi ni wa Kigoma, na Mama, mwenye miaka 71, alikuwa amekuja kukaa nasi miezi mitatu. Tulichagua kisiwa hicho kwa sababu za kawaida kabisa: ndege ya moja kwa moja, bahari, na joto ambalo Mama alikuwa amelikosa tangu atue Ubelgiji. Hatukujua kama kisiwa kile kilikuwa na habari yoyote inayotuhusu.

Kwa siku ya tatu nilikodi ziara ya peke yetu: gari, dereva na mwongoza watalii, saa nane, euro 420 kwa sisi watatu. Tiketi za kuingilia na chakula ni juu yako. Ni hela nyingi, na sitaficha kwamba kabla ya kulipa nilikaa nayo siku mbili. Ziara ya basi la watu hamsini ingetugharimu chini ya nusu. Kilichoniamulia ni lugha. Mama hasikii Kiingereza, na kampuni ile iliahidi mwongozaji wa Kifaransa. Nilitaka asikie mwenyewe, asiwe mtu wa kutafsiriwa kila sentensi ya tano.

Kabla sijaendelea, jambo moja kwa anayefikiria kukodi. Ugiriki, mtu hawezi kusimama ndani ya maeneo ya kale akaanza kuwaeleza wageni bila leseni ya serikali. Ziara nyingi za bei nafuu zinazoitwa za binafsi zina dereva tu: atawasimulia njiani, mkifika getini anawaacha mwende wenyewe. Uliza kwa maandishi kama mwongozaji mwenye leseni yumo kwenye bei. Wetu alikuwemo, na beji yake ilining'inia shingoni siku nzima.

Gari lilichelewa dakika ishirini na tano. Si mwisho wa dunia, lakini tulikuwa tumeambiwa saa moja na nusu asubuhi ili tufike Lindos kabla ya mabasi, na kuchelewa kule tulikulipia baadaye. Lindos iko kama kilomita hamsini kusini mwa mji wa Rhodes. Ni kijiji cheupe chini ya jabali, na juu ya jabali, mita 116 kutoka baharini, kuna ngome na ndani ya ngome kuna magofu ya hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Tulipofika, foleni ya tiketi ilikuwa imeshapinda kona.

Hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa. Kwenye maelezo ya kampuni ziara iliandikwa kuwa inafaa kwa watu wa rika zote. Njia ya kupanda Lindos ni ngazi karibu mia tatu, mawe yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza, na sehemu nyingine hazina pa kushika. Mama alizitazama akasema hapana. Kuna punda wa kukodi, lakini hata hao huishia mlangoni pa ngome, na ngazi za ndani zinabaki palepale. Nilipoweka oda niliandika umri wake. Mtu alipaswa kunipigia simu.

Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo mwenyeji wa kisiwani, ndiye aliyeiokoa asubuhi ile. Hakutuharakisha. Alimpeleka Mama kwenye mgahawa uliomo ndani ya mojawapo ya nyumba za zamani za manahodha, zile zenye milango ya mawe iliyochongwa, akamketisha chini ya mzabibu na kumwonyesha sakafu. Sakafu zao ni kokoto za pwani, nyeusi na nyeupe, zimesimamishwa kwa ubavu moja moja na kupangwa hadi zikatoa maua na mawimbi. Mama aliinama akazipapasa kwa kiganja. Akauliza nani aliyezichagua zote ziwe saizi moja. Mume wangu akabaki naye, mimi nikapanda.

Juu kule sitapaeleza sana, picha zake ziko kila mahali. Nitataja kitu kimoja tu. Kabla ya ngazi ya mwisho, kwenye mwamba wenyewe wa mlima, kumechongwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, la jombo la vita la baharini, kubwa kama gari dogo. Ni kazi ya karne ya 2 K.K. Unaona mkunjo wa tezi, unaona mahali kasia la usukani lilipokaa. Jombo hilo lilikuwa msingi wa sanamu ya kamanda wa majini. Sanamu haipo tena, jombo limebaki. Watu walikuwa wanapita kwa kuwa wanakimbilia nguzo za hekalu. Mwongozaji alinisimamisha hapo dakika kumi, akanionyesha alama za patasi. Mimi ni mtoto wa Ziwa Tanganyika, nimekua nikiwaona mafundi wanachonga mitumbwi na kuunga mbao za boti Kibirizi, na nilijua ninachokiangalia. Mchongaji yule alikuwa anajua vyombo.

Tukashuka, tukaondoka saa sita mchana. Sasa ikaja sehemu iliyoniudhi. Gari likakata kona kuingia kwenye karakana ya vyombo vya udongo. Haikuwemo kwenye ratiba niliyolipia. Fundi akafinyanga jagi moja mbele yetu, kisha tukaingizwa dukani, na tukakaa humo dakika arobaini huku muuzaji akitufuata nyuma kila rafu. Vyombo vilikuwa vizuri, simdhulumu fundi. Lakini unapolipa euro 420 kwa saa nane, dakika arobaini ni za kwako. Nilimwambia mwongozaji waziwazi. Akakubali, akasema kituo kile hupangwa na ofisi, akaomba radhi.

Pengine ni kwa kutaka kutupoza kwamba gari lilipoondoka aligeuka nyuma akauliza kwetu hasa ni wapi. Si Ubelgiji, akasema, kabla ya hapo. Mume wangu akajibu: Kongo, Lubumbashi.

Mwanamke yule akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Elisabethville?"

Mama alikuwa anasinzia kwenye dirisha. Akafumbua macho. Hilo ndilo jina ambalo mji wake ulikuwa nalo alipozaliwa. Lubumbashi likaja 1966. Mwongozaji akasema kwamba watu wa Rhodes wenye umri wanalijua jina hilo, kwa sababu Wayahudi wengi wa kisiwa hiki walihamia huko. Walianza kuondoka mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya umaskini, vijana wa kiume wakitangulia, na baadaye, Waitaliano waliokuwa wakikitawala kisiwa walipoleta sheria zao za ubaguzi mwaka 1938, wengine wakafuata. Walifungua maduka Katanga, eneo la Lubumbashi. Baba wa Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, alitoka hapa.

Mama akasema kwa Kiswahili chake cha kwao, akimwambia mwanawe: "Papa yangu alikuwaka anatumika mu magazini ya muntu wa Rode." Baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vitambaa la mtu wa Rhodes. Mume wangu hakuwahi kulisikia hilo. Alijua babu alikuwa mpima vitambaa. Kwa nani, hakuna aliyewahi kumwambia. Mama alikuwa amelibeba neno "Rode" tangu utotoni bila kujua kama ni mahali. Alidhani ni ukoo.

Mwongozaji akatazama saa. Ratiba yetu ilisema chakula saa nane, kisha jumba la mkuu wa manaiti, watawa wapiganaji wa Kikristo wa zamani, kisha mlima Filerimos mwisho. Akatuuliza: mnataka nifuate ratiba, au niwapeleke kwenye sinagogi? Makumbusho yake hufungwa saa tisa, na Jumamosi hayafunguliwi kabisa. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Akapiga simu mgahawani kuahirisha, akamwambia dereva apite lango la upande wa bandari.

Mji wa kale wa Rhodes umezungushiwa ukuta wa kama kilomita nne, na magari ya wageni hayaingii. Vichochoro vyake vitamkumbusha yeyote aliyetembea Mji Mkongwe wa Unguja: kuta ndefu, matao yanayounganisha nyumba mbili juu ya kichwa chako, kivuli, paka. Mama alitembea vizuri pale, maana ni tambarare, ila kokoto za njiani zinachoma hata kupitia soli. Vaeni viatu vigumu.

Kahal Shalom ni sinagogi la mwaka 1577, na ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Kwa nje hulioni, ni ukuta na mlango. Ndani kuna sakafu ileile ya kokoto nyeusi na nyeupe tuliyoiona asubuhi, taa zinazoning'inia, na vyumba vya makumbusho vyenye picha za familia: maharusi, watoto wa shule, wanaume wenye suti mbele ya maduka. Mwongozaji alitueleza kwa sauti ya chini, polepole. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani, ambao wakati huo ndio walikuwa wamekishika kisiwa, waliwapandisha Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, kwenye vyombo bandarini hapo nje. Wakapelekwa bara, kisha kwa treni mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa kama 150. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwatoa zaidi ya arobaini mikononi mwa Wajerumani kwa kudai kuwa ni watu wa nchi yake. Waliokuwa wameshaondoka kwenda Kongo walinusurika kwa kuwa maskini mapema.

Ukutani kuna bamba lenye majina ya koo zilizopoteza watu. Mama alivaa miwani. Alianza juu, akateremka na kidole bila kugusa jiwe, midomo ikisoma. Katikati kidole kikasimama.

"Ile jina njo yenyewe," akasema. Ndilo lenyewe.

Sitaliandika hapa, lina wenyewe walio hai. Mwenye duka, kwa alivyosimulia Mama, alikuwa mtu mnyamavu aliyefunga mlango mwezi wa saba kila mwaka, siku moja, na baba yake akalipwa siku hiyo bila kufanya kazi. Nyumbani hawakujua ni sikukuu gani. Mama alisimama mbele ya bamba muda mrefu. Mwongozaji hakusema neno. Alisogea mlangoni akamwomba mlinzi atuachie dakika chache zaidi ya saa tisa, na tukaachiwa.

Baadaye tulikula, saa tisa na nusu, samaki wa kuchoma bei ya juu kuliko thamani yake. Jumba la manaiti tuliliona kwa haraka. Manaiti hao walikishika kisiwa tangu 1309 mpaka Sultan Suleiman alipowatoa kwa kuwazingira miezi sita mwaka 1522. Jumba lenyewe lililipuka kwa baruti 1856, na unaloliona leo ni la Waitaliano, lililomalizika 1940. Ni kubwa na ni baridi, na ningekuwa na saa moja tu ningelipita. Njia ya Manaiti inayoteremka kutoka hapo, hiyo msiikose. Karibu na msikiti wa Suleiman, ule wa rangi ya waridi, kuna maktaba ya 1793 yenye miswada ya Kiislamu, na mwongozaji alitueleza kwamba Waislamu wapo kisiwani mpaka leo: Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu, Waislamu kwa Wakristo, mwaka 1923, Rhodes ilikuwa chini ya Italia, kwa hiyo haikuguswa. Filerimos hatukwenda. Hakuna aliyeiulizia.

Tulizidisha dakika hamsini juu ya saa nane. Nilitoa pochi, dereva na mwongozaji wote wawili wakakataa nyongeza. Bakshishi walipokea kwa shukrani.

Kampuni naipa nyota tatu: kuchelewa, kutotuambia habari za ngazi, na karakana ambayo hatukuiomba. Mwongozaji nampa tano, na zingekuwepo zaidi ningempa. Ukikodi, omba upewe jina la mwongozaji kabla ya kulipa, mwandikie wewe mwenyewe, mweleze mnatoka wapi na wazee wenu walifanya kazi gani. Mwenye mzazi asiyepanda ngazi aanze na mji wa kale, Lindos aiache. Na watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao babu zao walifanya kazi kwenye maduka yale: wekeni sinagogi asubuhi, si mwisho.

Jioni ile Mama alimtumia kaka yake picha ya bamba. Ujumbe wa sauti ulirudi tukiwa tumekaa kwenye kuta za bandari ya Mandraki, sauti ya mzee ikitetemeka kidogo, anauliza kama tumeona pia jina la yule mke wa mwenye duka aliyekuwa akiwapa watoto peremende. Mama akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaanza kumwambia kuhusu kokoto.