Bima ya afya ya mwajiri wa dini: nyota tatu kati ya tano

Nimetumia bima hii kwa zaidi ya miaka 2, tangu nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee inayoendeshwa na taasisi ya Kikatoliki hapa Ohio. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili na wanaoingia katika kazi za aina hii Marekani, kwa kuwa wengi wetu husaini fomu za bima siku ya kwanza tukiwa na haraka ya kuanza zamu.

Kwa mambo mengi ni bima nzuri, na nisingependa kuipaka matope. Ninakatwa dola 62 kila wiki mbili, na kumwona daktari wa kawaida ninachangia dola 25. Chanjo na kipimo cha matiti havikunigharimu chochote, kwa sababu sheria ya bima ya mwaka 2010 inazitaka bima nyingi zilipie huduma za kinga bila mgonjwa kuchangia. Mwanangu alipovunjika mkono, walilipa bila usumbufu.

Tatizo lilianza nilipoambiwa nina uvimbe kwenye kizazi. Hedhi ilikuwa nzito kiasi cha kuniamsha usiku kubadilisha pedi kila saa, damu ikapungua mwilini, na nikawa nashikwa na kizunguzungu ninapomwinua mzee kitandani. Daktari akaniandikia kitanzi chenye homoni, ambacho hupunguza damu ya hedhi. Siku ya miadi, karani wa kliniki aligeuza skrini yake ili nisome mwenyewe: uzazi wa mpango, hailipiwi. Nilitakiwa kutoa dola 1,180, nami sikuwa na fedha hizo. Nilivaa koti nikarudi nyumbani.

Nilidhani ni makosa ya kompyuta, kumbe sivyo. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria ile ya mwaka 2010 ziliweka uzazi wa mpango miongoni mwa huduma za kinga, lakini waajiri wa dini walipinga. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwapa wenye maduka ya Hobby Lobby msamaha wa kutolipia, kwa sababu ya imani yao, njia 4 kati ya 20 za uzazi wa mpango walizozipinga, vikiwemo vitanzi. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyepinga hukumu hiyo, alikumbusha kwamba bei ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini. Mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliruhusu kanuni zilizopanua msamaha huo. Upo utaratibu ambao mwajiri hutangaza pingamizi lake, kisha kampuni ya bima humlipia mfanyakazi huduma hiyo kando, bila fedha ya mwajiri kuguswa. Lakini chini ya kanuni hizo ulibaki kuwa hiari ya mwajiri, na wa kwangu hakuuchukua.

Mimi ni Mkatoliki na ninaimba kwaya. Sidai taasisi iache imani yake. Hata hivyo, waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, ule ule unaokataza vidhibiti mimba, unaruhusu tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili hata kama itazuia mimba, maadamu kuzuia mimba siyo lengo lenyewe. Kwa maneno mengine, nilinyimwa kitu ambacho hata mafundisho ya mwajiri wangu hayakikatazi. Daktari aliandika barua ya rufaa akieleza ugonjwa wenyewe, na baada ya wiki 7 bima ikakubali kulipa. Wiki hizo zote nilifanya kazi nikimeza vidonge vya madini ya chuma, nikijishikilia ukutani kila nilipoinuka ghafla.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya. Ofisi ya utumishi haikunitajia pingamizi hili nilipoajiriwa, ingawa linaathiri karibu kila mwanamke kijana wanayemwajiri. Limeandikwa katika muhtasari wa mafao, chini ya kichwa cha huduma zisizolipiwa, kwa herufi ndogo. Muhtasari huo ni haki yako kupewa bila malipo, na ukinyimwa huduma una haki ya kukata rufaa kwa maandishi.

Novemba iliyopita nilijiandikisha tena. Mtu ambaye kazini kwake kuna bima inayohesabiwa kuwa ya bei nafuu hapati ruzuku ya serikali katika soko la bima la umma, na bila ruzuku hiyo nisingemudu. Safari hii nilikaa mezani na binti mgeni kutoka Bukavu, tukafungua ukurasa ule, nikamwekea kidole kwenye mstari wenyewe kabla hajashika kalamu.