Vijana wa chuo wanaowashika mkono wanafunzi wa Likoni: tathmini ya mwalimu

Mzazi wa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, anayeuliza ampeleke wapi mwanawe aliyepata alama za kuingia chuo lakini hajui aanzie wapi, mimi humwelekeza kwa vijana wa chuo wanaokutana kila Jumamosi kuwasaidia wanafunzi kuomba nafasi za chuo na fedha za masomo, katika chumba cha juu cha jengo moja la jumuiya, mwendo mfupi kutoka kituo cha matatu cha kivukoni. Hawana bango wala ofisi ya kudumu, na ukiuliza mtaani utaambiwa uende kwa "vijana wa fomu". Nafundisha katika shule ya kutwa, wanafunzi wangu wengi wamepitia mikononi mwao, nami nimehudhuria vikao vyao vya kutosha kuweza kueleza huduma hii inafaa kwa nini na imepungukiwa wapi.

Nguvu yake iko kwa wanaoiendesha. Wengi wao wanasoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, na wengine Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, na karibu wote walitoka katika shule za kutwa kama yangu, ambako maktaba ni kabati moja na mwalimu mshauri ndiye huyohuyo anayefundisha madarasa manne ya hesabu. Inafaa kukumbuka kwamba vyuo hivyo viwili vilipewa hati ya kujitegemea mwaka 2013 tu, na kabla ya hapo Pwani nzima haikuwa na chuo kikuu cha umma kinachosimama peke yake. Mtoto wa mvuvi wa Mtongwe, au wa mama auzaye viazi karai Shelly Beach, mara nyingi hana shangazi wala mjomba nyumbani wa kumwambia chuo huombwaje, kwa sababu kizazi kilichomtangulia hakikupata mlango wa karibu wa kuuingia. Anapoketi mbele ya dada aliyepita njia hiyo miaka miwili iliyopita, naye akamsikia akitaja shule anayoijua na mtaa anaoujua, maswali aliyoona haya kuniuliza mimi mwalimu wake humtoka yenyewe.

Uongozi wao nao umenivutia, kwa kuwa wameuchukulia kama kazi ya kujifunza na si cheo cha kujionyesha. Sheria ya Vyuo Vikuu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inataka baraza la wanafunzi liwe na viongozi saba, watatu kati yao wakiwakilisha makundi yenye maslahi maalumu, mwenyekiti na makamu wake wasiwe wa jinsia moja, na mtu asikalie kiti zaidi ya vipindi viwili vya mwaka mmoja mmoja. Vijana hawa wameuchukua muundo huo wakautumia katika kikundi chao kidogo ambacho hakuna sheria inayokilazimisha. Wanaopiga kura ni wale waliosaidiwa mwaka uliotangulia. Mtunza hazina husoma hesabu kwa sauti mbele ya kila mkutano, hata kama kilichoingia ni michango midogo ya kununulia data na karatasi, na nimewahi kumsikia msichana wa Kidato cha Nne akisimama kuuliza risiti ya karatasi iko wapi, akajibiwa kwa heshima na risiti ikaletwa. Sijaona darasa la uraia linalofundisha vizuri kuliko hilo.

Kazi yenyewe huanza mara matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa mwezi Januari. Anayetaka shahada sharti awe amepata wastani wa C+ au zaidi, kisha aombe nafasi kupitia tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Hapo ndipo wengi hupotea. Kijana hudhani kwamba alama ya wastani inatosha, kumbe kila kozi inahesabu masomo fulani manne, jumla yake haizidi pointi 48, na kiwango cha kuingilia hupanda au kushuka kila mwaka kulingana na waombaji na ushindani wao. Washauri hawa humfundisha mwombaji kukokotoa pointi zake kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta, halafu humwonyesha viwango vya mwaka uliopita kwenye tovuti, ili ajue ni kozi gani anaifikia, gani anaikaribia na gani anaitamani tu. Hawamvunji moyo mtu. Nilimsikia mmoja akimwambia mvulana aliyeng'ang'ania udaktari, "Mdogo wangu, iweke ya kwanza kama ndiyo unayoipenda, lakini hizi zilizobaki tuzichague kwa hesabu." Msichana aliyetaka uuguzi lakini akakosa pointi za shahada alionyeshwa kwamba stashahada ya uuguzi katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huhitaji wastani wa C, na kwamba nafasi za huko nazo siku hizi huombwa kupitia tovuti ileile.

Wanawafumbua macho pia kuhusu kilicho karibu nao. Watoto wa Likoni hukua wakizitazama meli za mizigo zikipita mbele ya feri kuingia Kilindini, lakini ni nadra kwa mwanafunzi wangu kuja na wazo kwamba uhandisi wa mitambo ya meli ni kozi inayosomwa hapahapa Mombasa, au kwamba sayansi ya viumbe wa baharini inafundishwa Kilifi, kilomita takriban 60 kutoka hapa. Kila mtu huandika ualimu, biashara au udaktari. Mmoja wa washauri anasomea fani ya meli, na maelezo yake kuhusu hesabu na fizikia zinazohitajika huko yamewabadilishia mawazo baadhi ya vijana wangu kuliko mahubiri yangu ya miaka mingi.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ya fedha. Tangu mwaka 2023 gharama ya masomo ya chuo kikuu cha umma hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, na fungu la kila mmoja hutegemea hali ya nyumbani kwa mwombaji. Katika mpangilio wa makundi matano ulioanza kutumika mwaka 2024, familia ya kundi la kwanza, lile la wahitaji zaidi, hutakiwa kutoa asilimia 5 ya gharama, na ya kundi la tano asilimia 40. Mfumo huu umelalamikiwa sana na hata kufikishwa mahakamani, lakini kwa mwanafunzi aliye mbele ya kompyuta swali ni jinsi atakavyoieleza nyumba yao ndani ya fomu. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kusitiri. Mtoto hafundishwi kutangaza kwamba jana hapakupikwa, na baba anayesukuma mkokoteni wa madafu, akiulizwa kazi yake, huandikwa "mfanyabiashara". Kinachosomwa upande wa pili ni neno hilo, na mara nyingine familia isiyokuwa na kitu hupangwa pamoja na wenye maduka. Nimeshuhudia binti mwerevu akikaribia kuiacha nafasi yake ya chuo kwa sababu ya kiasi ambacho mama yake hangeweza kukipata hata angeuza kila alicho nacho.

Vijana hawa wamelielewa jambo hilo kutoka ndani. Fomu ya fedha haijazwi mbele ya wenzake, bali mwombaji hukaa na mshauri mmoja tu, wa jinsia yake, katika kona iliyotengwa kwa pazia. Mshauri huanza kwa kueleza yeye mwenyewe alijibu nini, na kwamba kusema kweli mbele ya anayetaka kukusaidia hakumvunjii mzazi heshima. Humwuliza kwa utaratibu: nyumba ni ya kupanga au ya urithi, ndugu wangapi wanasoma, kodi hulipwa na nani, karo ya sekondari ilitoka wapi, aliwahi kupata basari ya kaunti au ya eneo bunge. Majibu hayo yote yana vielelezo, na vielelezo hukusanywa siku hiyohiyo. Ikiwa mwanafunzi amepangwa katika kundi lisilomfaa, humsaidia kuandika rufaa kwa lugha safi, bila kulialia na bila kuongeza chumvi. Binti niliyemtaja alikata rufaa kwa msaada wao, na leo yuko mwaka wa pili.

Wale wanaotoka upande wa Kwale huja na tatizo jingine, la hati. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, na Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023, kwa hiyo zimo familia ambazo mzazi alipata kitambulisho akiwa mtu mzima, au bado anakifuatilia, na majina katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto hayalingani na yale ya karatasi za baba. Kituo hakiwezi kutoa hati. Kinachofanya ni kumpa mwanafunzi orodha ya ofisi za kwenda na kumtafutia mtu wa kufuatana naye, na nimeona kwamba kijana mwenye mwenzake hupokewa kwa subira zaidi kuliko anayekwenda peke yake.

Wana kanuni moja ambayo ningependa kila mahali paifuate: mwombaji huandika nywila yake mwenyewe, kwa mkono wake, na barua pepe huwa yake. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa asiyejua yanayotokea mjini. Mwanafunzi wangu mmoja alijaziwa fomu katika saiba ya mtaani, yaani duka la intaneti, mwenye saiba akatumia barua pepe yake na nambari yake ya simu, na ulipofika wakati wa kubadilisha kozi kijana hakuweza kuingia katika akaunti iliyobeba jina lake. Katika kituo hiki huduma ni bure. Malipo pekee ni shilingi 1,500 za maombi ya KUCCPS, zinazolipwa moja kwa moja serikalini kwa simu ya mwombaji, na hakuna mshauri anayeruhusiwa kuzishika.

Sasa niyaseme yasiyoniridhisha, kwa sababu huduma inayopendwa ndiyo inayostahili kuambiwa kweli.

Chumba kiko ghorofani na ngazi zake ni nyembamba. Katika uongozi wao wametenga nafasi ya mwanafunzi mwenye ulemavu, jambo la kupongezwa, lakini anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kufika mahali maamuzi yanapofanyiwa. Nilipokuwepo, mkutano ulihamishiwa barazani chini ili mmoja wao ashiriki, ukafanyika vizuri ingawa kelele za barabarani zilikuwa nyingi. Naamini mikutano yote ingepaswa kufanyika chini kuanzia sasa, hata kabla mtu hajaomba. Katiba yetu, katika kifungu cha 56, inadai makundi yaliyotengwa yapewe nafasi maalumu za elimu, na nafasi hiyo haina maana ikiwa mwenyewe hawezi kuifikia.

Muda nao unawaumiza wasichana. Vikao vya msimu wa maombi huvuta hadi karibu na magharibi, na wazazi wengi, kwa haki yao, hawataki binti achelewe njiani. Kwa hiyo mwisho wa kikao, ambapo viongozi wapya hujitokeza na kazi hugawanywa, wanaobaki ni wavulana. Si ajabu kwamba nafasi za kupanga na kusema mbele ya watu huwaangukia wao, licha ya kanuni nzuri za uchaguzi. Kuanza asubuhi kungetosha kulirekebisha.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba msaada huu huja baada ya mtihani. Aliyepata C- au D+ hupewa maneno ya faraja na karatasi moja kuhusu vyuo vya ufundi, ilhali yeye ndiye anayehitaji mtu wa kuketi naye zaidi, na kozi za ufundi zenye ajira zipo papa hapa mjini. Tena mtaala umebadilika. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 wakiwa wameshachagua mmoja kati ya mikondo mitatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, na mtihani wa mwisho wa KCSE wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 utafanywa mwaka 2027. Mtoto wa miaka 14 au 15 aliyeuacha mkondo wa sayansi bila kushauriwa amekwisha kuifunga njia ya uuguzi na ya uhandisi wa meli kabla vijana hawa hawajamwona. Nimewaeleza viongozi wa mwaka huu kwamba wateremke hadi sekondari ya chini, wakanijibu kwamba washauri hawatoshi. Nawaelewa, nami nimejitolea kuwapa darasa langu siku za likizo, lakini bila waliokwisha kufuzu kurudi kusaidia, mzigo huu utawalemea wachache walio nao.

Kwa hali ilivyo leo, naipendekeza huduma hii bila kusita kwa mwenye C+ na kwa anayehangaika na fomu za fedha. Kwa mwenye alama za chini, aende, ila aulize kwa bidii na asikubali kupewa karatasi tu. Mzazi amfungashie mwanawe hati ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, au cheti cha kifo kwa aliyetangulia mbele ya haki, barua zozote za basari alizowahi kupata, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la familia. Vikao huanza saa saba mchana kila Jumamosi, kompyuta ni chache, na msimu wa maombi ukifunguliwa foleni huwa imekwisha kufika ngazini kabla ya adhuhuri.