Hexedit: kuchungulia na kubadili baiti za faili ndani ya terminali

Haya wadau, leo tunaichambua hexedit, programu ya bure inayokaa ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Nimeandika hexedit picha.png, nikabonyeza Enter, imefunguka papo hapo. Tazameni: kushoto anwani, yaani nafasi ya baiti ndani ya faili, katikati baiti kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16, tarakimu 0 hadi 9 kisha A hadi F), kulia herufi zake. Baiti isiyo na herufi imewekewa nukta.

Mstari wa kwanza unaanza 89 50 4E 47, na kule kulia mnasoma PNG. Mimi naipendea hapo. Ukitumiwa faili ya .png inayokataa kufunguka, anzia hapa. Ukikuta FF D8 FF, hiyo ni JPEG iliyobandikwa jina lisilo lake. Ukikuta 50 4B, yaelekea ni ZIP, na hata hati za .docx huanza hivyo hivyo.

Sasa tuichokoze kidogo. Upana wa picha ya PNG umeandikwa kwa baiti nne kuanzia anwani 10, yaani 16 kwa hesabu yetu ya kawaida. Nabonyeza Enter, naandika 10, nafika. Nabadilisha baiti moja, mnaona imekoza? Hiyo ndiyo alama kwamba imeguswa. F2, imehifadhiwa. Mkiifungua picha sasa, programu nyingi zitaigomea, maana anwani 1D ina namba ya ukaguzi, CRC, iliyokokotolewa pamoja na upana ule. Ukibadili upana, ubadili na CRC.

Wengi wanailalamikia kwamba ukichapa inaandika juu ya baiti iliyopo, haisogezi nyingine mbele. Mimi naona wamekosea kulalamika! Ukichomeka baiti moja katikati, kila anwani inayofuata inahama, na faili nyingi hutegemea anwani hizo.

Kinachoniudhi ni Ctrl+C. Ukiwa umezoea kunakili kwayo, hapa inakutoa nje bila kuhifadhi chochote. Backspace inafuta badiliko la mwisho, Ctrl+U inafuta yote, lakini ukishahifadhi, hakuna nakala ya zamani iliyoachwa. Kwa hiyo tangulizeni cp, amri ya kunakili faili, mbaki na nakala ya akiba.

Kwa faili kubwa sana iko vizuri, kwa sababu haiisomi yote kwa mkupuo. Ila haikuchambulii muundo wa faili. Ukitaka programu ya kukuonyesha "huu ni upana, huu ni urefu", hii siyo. Kwa kuchungulia na kurekebisha baiti chache, isakinisheni. Vitufe vingine vyote mtavikuta kwa F1.