Nililipia mafunzo ya ikolojia ya ukame, nikaoneshwa dirishani

Kiyoyozi cha Coaster kinapuliza, mapazia yamevutwa upande wa jua, tumeshaipita Mombo tunaelekea Same. Mwezeshaji akashika kipaza sauti: "Walimu, kushoto kwenu mnaona mfumo ikolojia wa ukame. Pigeni picha." Dereva hakupunguza hata mwendo.

Mwalimu mmoja wa Temeke, mama mtu mzima, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hatushuki tukapime?"

"Mama, jua lote hili? Kama shida ni kuungua jua, si ungebaki Kariakoo?"

Waandaaji wenzake wakacheka. Mama wa watu akanyamaza, akairudisha fremu yake ya mbao chini ya kiti. Fremu ile, nusu mita kwa nusu mita, alichongesha kwa mafundi wa Keko kwa hela yake, maana ujumbe wa waandaaji ulisema kila mshiriki aje na kwadrati, yaani fremu ya kuweka chini uhesabu mimea iliyo ndani yake. Umri wa kumzaa yule kijana, anajibiwa vile mbele ya watu! Mimi mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Niwe mkweli, tangazo lilisema "jangwa na milima" na sikuwa nategemea Sahara. Kila mwalimu wa biolojia anajua Tanzania hatuna jangwa hasa. Ukilitaka lenyewe, nenda Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Lakini nyika ile ya kuelekea Same inatosha kabisa kufundishia, na tena ina kitu ambacho jangwa tupu halina: mlima upo hapo hapo kulia. Upepo unatoka Bahari ya Hindi, unapanda Usambara, unapoa, unamwaga mvua upande wa mashariki. Amani kule inapata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka kuja huku nyuma ya mlima, mvua haifiki hata nusu ya hiyo. Kivuli cha mvua tunachowachorea watoto ubaoni kila mwaka kilikuwa nje ya kioo, sisi tumevutiwa mapazia.

Na usiku wa kuamkia siku hiyo mwezeshaji alituonesha slaidi. "Mimea ya majangwa ya Afrika," halafu picha ni ya saguaro, lile dungusi kakati refu lenye mikono, la Arizona! Nikamwambia kwa upole kwamba jamii ile asili yake ni bara la Amerika, na aina moja tu inayoota Afrika kiasili, Rhipsalis baccifera, haikai jangwani. Inaning'inia kwenye matawi ya miti katika misitu yenye unyevu. Akasema, "Ticha, hayo hayapo kwenye mtihani." Haya.

Somo la ukame tulilipata, ila si kwake. Gari lilisimama tuchimbe dawa, wanaume huku, wanawake kule. Utingo, kijana wa maeneo yale yale, akasogea kwenye kimti kimoja cha komifora kisicho na jani hata moja. Gome la juu limebanduka vipande vyembamba kama karatasi. Akakwangua na ufunguo, chini yake kijani kibichi. "Huu majani yakipukutika haufi, unakula kwa gome." Jamani! Usanisinuru kwenye gome, unaushika kwa kidole, ukucha unabaki na rangi na harufu ya utomvu. Tukamzunguka kijana wa watu kwa maswali, mwezeshaji akapiga honi. Tunachelewa chakula, eti.

Sasa, nilikuwa nimeshaamua kuandika "msiende", basi. Lakini Lushoto imenivuruga. Unatoka Mombo, mita kama 400 hivi juu ya bahari, unapinda kona mpaka kwenye mita 1,400, na watu wa Dar wote wanatafuta masweta. Msituni Magamba tulikabidhiwa kwa mzee wa Kisambaa, muongozaji wa pale, na mwezeshaji wetu alibaki kwenye gari na simu yake (nashukuru). Mzee hakuwa na slaidi. Alisema, "Ingizeni mkono kwenye majani makavu." Juu pakavu, chini ubaridi na udongo unaonata. Akamuuliza yule mama, "Hiyo fremu ni ya nini?" Alipoambiwa akaona fahari, akamchagulia mahali chini ya mti mkubwa wa mkulo. Mama akapiga magoti akahesabu kangaga na miche, mzee akimtajia majina kwa Kisambaa, sisi tunaandika. Mbega wanaruka juu huko, hakuna aliyejali. Kwa siku ile peke yake ningewapa nyota zote.

Ningewapa. Tuliporudi Dar nikaenda ofisini kwao kuulizia kama watarudisha sehemu ya ada, ile ya ukame, maana kwenye ratiba waliandika "vipimo vya uwandani" na hatukupima kitu. Dada wa mapokezi hata hakuinua macho: "Walimu nanyi, posho tu mnawaza." Posho! Ada nimeikopa kikoba, bado narejesha!

Kwa hiyo sijui niwape ngapi. Mlima ni tano, nyika ni sifuri, ofisi iko chini ya sifuri. Ukiwa na wenzako shuleni, changeni nauli, pandeni basi la Lushoto la asubuhi, mlipe kiingilio cha msitu na muongozaji, mtajifunza kuliko sisi. Kama lazima upite kwao kwa sababu ya cheti, kabla ya kulipa waambie wakuandikie gari litasimama wapi, na kwa muda gani. Cheti chenyewe nimeshapewa, kimeandikwa nimehitimu "vipimo vya mifumo ikolojia ya jangwa na milima", na mkuu wangu wa shule ameshanipangia niwafundishe wenzangu.