Glasieri ipi ununue Lubumbashi kwa safari ya siku mbili tatu

Mwezi wa kumi Lubumbashi joto la mchana linapita nyuzi 30, na ndio wakati familia nyingi zinapanga kutoka mjini: wengine kwenye maji upande wa Likasi, wengine mpaka Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi. Hema hupatikana, mkaa hupatikana. Kinachoharibu safari ni nyama iliyooza siku ya pili.

Kama una haraka, jibu langu ni hili: nunua glasieri (sanduku la kutunza ubaridi) ya plastiki ngumu ya bei ya kati, lita 40 mpaka 50, yenye povu ndani ya kuta na ndani ya mfuniko. Pesa itakayobaki itie kwenye barafu. Glasieri haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchelewesha joto lisiingie. Anayefanya kazi ni barafu: kilo moja ikiyeyuka inameza joto ambalo lingetosha kupandisha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ndiyo maana sanduku la bei kubwa lenye barafu kidogo hushindwa na sanduku la kawaida lililojazwa vizuri.

Ya kwanza: plastiki ngumu ya kati. Nyingi zinaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mpya na za okazi (zilizotumika). Usiangalie rangi wala maandishi ya "siku tano". Gonga mfuniko kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, hauna povu ndani, na joto la jua litapita hapohapo juu. Wenye povu unatoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha chukua noti ya franka 500, iweke ukingoni, funga mfuniko, uivute. Ikitoka bila kukwama, hewa nayo itapita hivyohivyo. Rudia pande zote nne, maana okazi nyingi zimepinda upande wa bawaba. Mwisho fungua tundu la kutolea maji, uone kama kizibo chake kina raba. Muuzaji akikuzuia kufanya hayo, nenda duka lingine. Kumbuka pia uzito: ya lita 50 ikijaa inapita kilo 35 kwa urahisi, kwa hiyo mishikio iwe ya kushikwa na watu wawili.

Ya pili: sanduku la frigoliti, ile plastiki nyeupe nyepesi ya povu. Najua wengi wanalidharau, lakini frigoliti karibu yote ni hewa iliyofungiwa, na inazuia joto vizuri kuliko plastiki tupu yoyote. Bei yake ni ndogo na ni jepesi. Shida ni kwamba linavunjika kona, linashika harufu, na mfuniko haukazi. Litie ndani ya katoni inayolibana, funga juu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na usiweke mtoto akalie. Lililowahi kubeba samaki liendelee kubeba samaki. Kwa usiku mmoja, sioni sababu ya kununua zaidi ya hilo.

Ya tatu: zile nene za bei kali. Ni nzuri kweli, zinashika barafu siku nyingi. Ila kuta zinakula nafasi, na ni nzito hata zikiwa tupu. Zinamfaa anayekaa porini siku nne au zaidi, au mfanyabiashara anayeleta samaki kutoka Kasenga. Familia ya safari mbili kwa mwaka inalipia kitu isichokitumia.

Ya nne: mfuko laini. Wa soda na matunda ya mchana. Nyama mbichi usiweke.

Ya mwisho: ya kuchomeka kwenye gari. Zile za bei nafuu zisizo na kompresa zinashusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya joto lililopo nje. Ndani ya gari lenye nyuzi 40, utapata 20 hadi 25, na betri inakwisha. Zenye kompresa ni friji halisi, lakini zinataka bajeti nyingine na betri ya pili.

Sasa barafu, ambapo mambo mengi huharibika. Kwa delestaji yetu, yaani umeme kukatwa kwa zamu, anza siku tatu kabla. Jaza chupa za lita 1.5, acha nafasi shingoni kwa sababu maji yakiganda yanavimba, uzilaze kwenye friza. Chupa hazimwagi maji kwenye chakula, na zikiyeyuka unakunywa, mradi uliziweka maji safi, maana kugandisha hakuui vijidudu. Ukinunua barafu, chukua bonge kubwa. Vipande vidogo vinaisha upesi. Nyama nayo igandishe, iwe sehemu ya barafu yako. Usiku wa kuamkia safari weka chupa mbili za barafu ndani ya glasieri tupu, ipoe, halafu asubuhi zibadilishe. Barafu ichukue karibu nusu ya nafasi.

Nyama mbichi iliyofungwa vizuri ikae chini, vinavyoliwa bila kupikwa vikae juu. Vinywaji viwe na sanduku lao, hata la frigoliti, kwa sababu ndilo litakalofunguliwa kila dakika. Weka glasieri kivulini, kamwe isibaki ndani ya gari lililofungwa, na uifunike kitambaa chenye maji. Hewa kavu ya mwezi wa kumi inakausha kitambaa na kuondoka na joto.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi 5, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kipimajoto kidogo ndani ya glasieri kinamaliza ubishi. Kikionyesha 12 asubuhi na hujui tangu saa ngapi, kuku huyo mtupe, hata kama hanuki.

Na mlo wa siku ya mwisho usiutegemeze kwenye barafu kabisa. Beba ndakala (dagaa) zilizokauka, makayabo (samaki wa chumvi), nyanya, vitunguu na unga wa bukari. Hivyo vinakaa kwenye kikapu, na glasieri unaweza kuipakia tupu, imeoshwa, mfuniko wazi ukauke.